Gari Linaloumwa Asubuhi

Kila Rogathe alipofika Same na pikapu yake, pikapu ilikuwa imeshapona. Hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Kule kwao juu mlimani Vudee, alfajiri, injini ilitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu, ikamisi kwa kuruka mapigo, ikatema moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, na kona za mwanzo alizishuka roho ikiwa mkononi. Halafu inashuka, inashuka, inafika barabara kuu ambako jua la Same halina mzaha na mtu, na inaingia gereji ya fundi Mwanaidi ikinguruma kwa adabu, kama mtoto aliyelia nyumbani usiku kucha na sasa anamchekea daktari.

Mwanaidi hakuwa fundi wa kubahatisha. Alikuwa binti wa marehemu Jabiri, mwenye ile gereji ya kando ya barabara kuu, na alikuwa amerithi kwa baba yake spana zote pamoja na mdomo. Mara ya kwanza alifungua boneti, akasikiliza, akafunga boneti, akamwambia Rogathe kwamba gari ni zima na anayeumwa ni dereva. Mara ya pili alikubali lilale kwake usiku mmoja ili alisikie likiamka. Lakini Mwanaidi haanzi kazi kabla ya chai na vitumbua, na alipokuja kulijaribu jua lilikuwa limeshalipiga boneti mpaka halishikiki. Aligusa ufunguo tu, likawaka. Alimrudishia Rogathe kwa utani kwamba siku nyingine aje na mlima wenyewe, atautengeneza pia.

Utani ule ulimchoma Rogathe, kwa sababu mambo yalikuwa yameshavuka mipaka ya utani. Baba yake, Mzee Nathanaeli, alikuwa amekubali kuliuza gari.

Mwezi wa sita wote mzee alikuwa akiisikiliza injini ile ikikohoa kila asubuhi, na moyoni mwake alikwisha kuizika. Kwenye msiba mmoja alisikia watu wakisema kwamba gari likianza kutoa moshi mweupe hapo hakuna injini tena, mwenye nalo atafute mnunuzi kabla halijawa banda la kuku. Akamtafuta Sefu. Sefu ni mfanyabiashara wa Same anayenunua magari yaliyochoka na kuyauza vipande vipande, mlango kwa huyu, tairi kwa yule. Walikutana kijijini, mbele ya duka la Elinaza, Sefu akalizunguka gari mara moja, wakapatana, wakapeana mkono watu wakiona. Angekuja kulilipia na kulichukua Jumamosi.

Kwa wengine lile lilikuwa gari la Mzee Nathanaeli, na Rogathe alikuwa binti yake anayemsaidia saidia. Ukweli ni kwamba tangu kaka yake, Tumainieli, aende Tanga kutafuta kazi, hakuna aliyekalia usukani ule isipokuwa yeye. Alibeba kabichi, karoti na ndizi za nusu ya kijiji, akazifikisha sokoni zikiwa bado na umande. Alizijua kona zote, ile inayoteleza, ile yenye chemchemi, ile ambayo lori haliwezi kumpisha mtu. Gari likienda, na yeye amekwenda. Atarudi kwenye jembe na kuomba lifti. Alilipenda gari lile kwa moyo wote, na wazo la kuliona limechinjwa mlango na tairi lilimnyima usingizi.

Kumlilia baba yake kusingesaidia. Watu wa tambarare wana vichekesho vyao kuhusu Wapare na mkono uliofumba, na Mzee Nathanaeli alikuwa amevisikia vyote, akaviona ni sifa. Kiberiti kwake kilikaa mwezi. Viatu vya kanisani alivibeba mkononi mpaka kwenye ngazi za kanisa, ambako yeye ni mzee wa usharika. Lakini kati ya vitu vyote alivyovibania, cha kwanza kilikuwa neno lake. Hakulitoa ovyo, na akishalitoa halirudi. Hakuna mtu Vudee aliyewahi kusema kwamba Nathanaeli alisema hivi akafanya vile. Kwa hiyo wa kumbadilisha mawazo hakuwa Rogathe wala mama yake, ambaye hata hakuwepo, alikuwa Gonja kwa mdogo wake aliyejifungua. Pengine injini yenyewe ingeweza. Kama ingesema kwa sauti yake kwamba haijafa, kabla ya Sefu kufika, mzee angesikia.

Ijumaa Rogathe aliposhusha mzigo alikwenda moja kwa moja gereji, akamweleza Mwanaidi yote bila kupamba. Mwanaidi alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. Alipoelewa kwamba kesho ndiyo kesho, utani ulimtoka.

"Basi leo napanda na wewe," alisema. "Nitalala kwenu, nilisikie linapoamka."

Walipanda alasiri ile, sanduku la spana nyuma, Mwanaidi mbele amejifunga kitenge juu ya sweta juu ya dera, akiapa kwamba hajawahi kuwaelewa watu wanaojenga mahali ambapo mawingu yanaingia jikoni. Kadiri walivyopanda ndivyo alivyozidi kunyamaza na kusikiliza. Injini ilipanda vizuri. Hakuna mlima ulioishinda, na jambo hilo Mwanaidi aliliweka akilini.

Mzee Nathanaeli aliwapokea uani. Mwanaidi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa kiti cha mgeni, na baada ya hapo mzee akamwambia kwa upole wote kwamba amejichosha bure, gari limekwisha kuuzwa. Mwanaidi akasema hana neno, amekuja kula makande tu. Makande yalikuwepo, ya moto, yenye maharage yaliyoiva vizuri, na alipokuwa akila alianza kumhoji mzee kidogo kidogo, jinsi daktari anavyowahoji ndugu wa mgonjwa. Lilianza lini? Mwezi wa sita, baridi ilipoingia. Linakula oili? Hapana. Linapunguza maji? Hapana. Likishapata moto linarudi kutetemeka? Hapana, mpaka kesho yake. Na asubuhi mnaliwashaje?

Hapo mzee alikaa vizuri kwenye kiti, maana swali hilo alikuwa na jibu lake. Kule juu hakuna mtu mwenye akili anayewasha gari kwa ufunguo. Mungu amewapa mteremko. Unaliegesha juu ya nyumba, pua chini, jiwe kwenye tairi. Asubuhi unatoa jiwe, linajiendea lenyewe, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, limewaka. Mwezi wa pili alinunua betri mpya, na tangu siku ile alitoa amri kwamba isisumbuliwe. Mpaka leo, alisema, betri ile ni kama iko dukani.

Mwanaidi alitafuna taratibu. "Kwa hiyo mzee, ufunguo kwenu ni wa kufungulia mlango."

"Na taa," alisema mzee, bila kuona kama anataniwa.

Kulipopambazuka Rogathe alimkuta Mwanaidi ameshaamka, ameshaswali, na bado anayasema vibaya maji ya kutawadhia, kwamba maji ya Vudee yanamng'ata mtu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Mwanaidi alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo. Ilikuwa ya baridi kabisa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waondoke Same, kwa sababu sasa alikuwa ameikuta nyumbani kwake.

Akamwambia Rogathe afanye kama afanyavyo kila siku, asiongeze wala asipunguze. Rogathe alitoa jiwe, gari likaanza kuteleza kimya kimya, akaingiza gia ya pili, akaachia klachi. Injini ilishtuka, ikakataa, ikakubali kwa shida. Ukaja ule mtetemeko. Ukaja na moshi, mwingi, mweupe, ukachanganyika na ukungu mpaka haikujulikana upi ni wa Mungu na upi ni wa dizeli. Alilisimamisha pale penye tambarare mbele ya zizi, likabaki linatikisika, na Rogathe akaona haya mbele ya fundi kama vile anayekohoa ni mtu wa kwao.

Mwanaidi hakumwonea mtu haya. Alikwenda nyuma akauvuta moshi ule puani. Akamwita Rogathe anuse pia.

Moshi ungekuwa wa bluu, alieleza, ingekuwa injini inakula oili, na hapo mzee angekuwa na haki ya kuliuza. Ungekuwa mweusi, wangetazama hewa na nozeli zinazopulizia dizeli. Lakini mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli ni dizeli inayoingia na kutoka bila kuungua. Swali ni moja tu: inaponyoka kwenye silinda moja au kwenye zote nne?

Akaomba kikombe cha maji. Alichovya vidole akadondoshea maji kwenye bomba la moshi pale linapotokea kila silinda, tone hapa, tone pale. Injini ikiwa na silinda moja mbovu, bomba lake hubaki baridi, maji hukaa hapo yakikutazama wakati kwa wenzake yameshachemka na kukauka. Rogathe aliinama naye kutazama. Matone yote yalikauka polepole, kwa mwendo uleule.

"Zote nne zimenuna sawasawa," alisema Mwanaidi. "Zima, kabla halijapata moto likaanza kutudanganya."

Rogathe alizima. Ukimya wa mlima ulirudi, na katika ukimya ule yeye mwenyewe akaanza kufikiri kwa sauti. Nozeli nne haziwezi kuharibika asubuhi moja na kupona mchana mmoja. Injini iliyochoka haiponi kwa kuota jua. Kwa hiyo ni kitu ambacho silinda zote nne zinachangia, na zinakihitaji wakati wa baridi tu. Mwanaidi alikuwa akimtazama kwa furaha ya wazi, akangoja amalize.

"Moto," alisema Rogathe. "Zinakosa moto wa kuanzia."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye injini ya dizeli, Mwanaidi alimwonyesha, kila silinda ina plagi yake ndogo ya kuipasha joto kabla dizeli haijaingia. Unazungusha ufunguo nusu, taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, plagi zinaiva huko ndani, taa inazimika, ndipo unawasha. Mchana Same hazihitajiki, lile jua linatosha. Vudee mwezi wa saba bila plagi hizo ni kumwamsha mtu kwa kumtupa mtoni. Wakazungusha ufunguo nusu. Taa ya manjano iliwaka, ikangoja, ikazimika, kila kitu sawa. Mwanaidi akachukua balbu yake ya kupimia, akagusisha waya mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye plagi, Rogathe akazungusha tena ufunguo. Taa ya dashibodi iliwaka. Balbu haikuwaka hata kidogo.

"Taa inaahidi, umeme hauendi," alisema Mwanaidi.

Rogathe ndiye aliyeufuata waya kwa vidole vyake. Aliuanza kwenye plagi, akaupitisha nyuma ya betri, na huko chini mahali pasipoonekana akaufikia mwisho wake. Haukuwa umekatika. Haukuwa umeungua wala kuliwa na panya. Ulikuwa umefunguliwa kwa spana, ukakunjwa vizuri, ukavishwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ukafungwa kwa uzi wa katani mizunguko iliyobana, na fundo limebanwa upande. Ilikuwa kazi safi. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya injini, na hakuna aliyehitaji kutaja jina.

Mzee Nathanaeli alikuja wakati huo na birika la chai. Rogathe alimwonyesha mwisho wa waya na kumuuliza kama anaujua.

"Naujua sana," alisema mzee. "Niliufungua mwenyewe nilipoweka betri mpya. Huo ndio uliokuwa unainyonya. Kila ukigusa ufunguo, betri inashuka. Na sisi mteremko tunao."

Mwanaidi alifumbua mdomo wake unaojulikana Same nzima, kisha akaufumba, akanywa chai. Alimwachia Rogathe. Naye Rogathe akamweleza baba yake taratibu, kwa heshima, kila kitu kwa mfuatano wake: kwamba aliufungua mwezi wa pili, wakati wa joto, ndiyo maana hakuna kilichobadilika, kwamba baridi ilipokuja mwezi wa sita injini ikaanza kuamka bila kupashwa, kwamba ule moshi ni dizeli isiyoungua na ule mtetemeko ni silinda zenye baridi, na injini yenyewe haina kasoro. Mzee alisikiliza amesimama. Kisha aliweka birika chini, juu ya jiwe.

"Kumbe huyu ninayemsikiliza akikohoa kila asubuhi," alisema, "nilimvua blanketi mimi."

Alikuwa na huzuni, na hakuificha. Alimwambia Rogathe kwamba asubuhi zote zile alikuwa amelala macho, akikifuata kikohozi kile kona kwa kona mpaka chini, akingoja siku kitakapokatika katikati ya kona na binti yake yumo ndani. Ndiyo sababu alimtafuta Sefu. Rogathe hakuwa amejua hilo. Alidhani baba yake amechoshwa na gharama za gari, na sasa alitamani angeuliza mapema.

Mwanaidi aliwaacha na mambo yao, akaurudisha waya mahali pake na kuukaza. Ukungu ulikuwa umeipoza injini tena kwa hisani yake. Akampa Rogathe ishara. Rogathe alizungusha ufunguo nusu, taa ya manjano ikawaka, akangoja. Ilipozimika aliwasha. Injini ilijitikisa mara moja, ikashika, ikatulia. Moshi ulitoka kidogo kama wa mtu anayepuliza chai, ukaisha. Kioo cha pembeni kilionyesha migomba, zizi na baba yake amesimama ameshika kiuno, vyote vimetulia. Rogathe alicheka peke yake mle ndani, akalaza kichwa kwenye usukani, akashukuru.

Na hapo ndipo Sefu alipotokea kwenye kona, amekaa nyuma ya bodaboda, kamba mpya ya kuvutia gari imezungushwa begani. Alimlipa mwenye pikipiki, naye akageuza akashuka zake. Sefu alisalimu kwa uchangamfu, kwa sababu ni mtu mchangamfu, kisha akasimama. Alikuwa ameisikia injini tangu chini, alisema, akadhani ni gari la mtu mwingine. Akaliinamia boneti. Akasikiliza. Akaishusha kamba begani bila kuiangalia, na macho yake yakawa ya mtu aliyekuja kununua ngozi akakuta ng'ombe amesimama anakula majani.

"Mzee Nathanaeli," alisema, "Mungu akubariki. Hili siling'oi hata skrubu. Hili naliendesha mwenyewe."

Usiku mzima Rogathe alikuwa ameomba injini iseme haijafa, na ilikuwa imesema, lakini aliyesikia vizuri zaidi alikuwa Sefu. Alizima gari. Alimtazama baba yake, akaona uso ule anaoujua, uso wa mtu aliyekwisha kutoa neno.

Mzee Nathanaeli alimkaribisha Sefu chai kwanza. Kisha akamwomba aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, walichopatana mbele ya duka la Elinaza.

"Tulipatana gari," alisema Sefu.

"Gari gani?"

"Gari bovu, mzee. Lenye injini iliyokufa. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ndivyo," alisema mzee. "Nilikuuzia gari lenye injini iliyokufa. Litafute hapa uani kwangu, ukiliona ondoka nalo. Mimi tangu asubuhi silioni."

Mwanaidi aligeuka upande akajifanya anapanga spana. Lakini Sefu hakuwa mtoto wa jana katika biashara. Alisema, tena bila hasira, kwamba mzee anakumbuka nusu. Walisema jinsi lilivyo. Mzee mwenyewe ndiye aliyetamka, jinsi lilivyo, ili asije akarudishiwa. Kama angelikuta limekufa zaidi, limekatika ekseli, angelichukua vilevile na asingelalamika. Sasa amelikuta limefufuka. Jinsi lilivyo ndiyo hivyo lilivyo.

Alikuwa na haki, na kila mtu pale uani alijua ana haki. Mzee Nathanaeli alijua kuliko wote. Alitazama gari. Alimtazama binti yake aliyekuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Umesema kweli," alisema. "Nilikuahidi, na sikupi. Neno langu nimelivunja, Sefu. Nenda ukawaambie."

Alilisema polepole, jinsi mtu wa mkono uliofumba anavyotoa kitu cha mwisho mfukoni. Sefu alikuwa tayari kwa ubishi wa mpaka saa sita, hakuwa tayari kwa hilo. Alisema kwa uchungu kidogo kwamba atawaambia, hakika atawaambia, kwamba yeye amepanda mlima wote huu na kamba mpya. Ndipo akakumbuka kwamba bodaboda imeshuka.

Kwa hiyo Sefu aliteremka nyuma ya pikapu, amekalia magunia ya karoti, kamba magotini. Mbele walikaa watatu, Rogathe kwenye usukani, Mwanaidi katikati amejikunja na sanduku lake, na Mzee Nathanaeli mlangoni, amevaa koti la kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi. Hakuna aliyemwomba aje. Aliingia tu akafunga mlango.

Mbele ya duka la Elinaza palikuwa na kabichi za kupakia na watu wa kawaida wa asubuhi. Rogathe hata hajavuta breki ya mkono vizuri, mzee alikuwa ameshashuka. Alimwambia Elinaza, mbele ya wote, kwamba yeye Elinaza alishuhudia mkono wake na wa Sefu, sasa ashuhudie na hili, kwamba leo amekataa kutimiza. Sefu yule pale nyuma, amuulize. Watu waligeuka kumtazama Sefu juu ya karoti. Sefu alitikisa kichwa kukubali, akaangalia kamba yake.

Rogathe alitamani ardhi ipasuke. Alidhani imeisha. Kumbe mzee alikuwa ameamua kwamba kama deni la aibu lipo, atalilipa lote yeye, asimwachie Sefu kazi ya kulisambaza. Kila walipopakia alishuka. Kwenye njia panda aliwaambia waliokuwa wakifukia mashimo ya barabara kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wakaegemea majembe wakasikiliza. Kwenye chemchemi alimwambia bibi mmoja asiyesikia vizuri, ikabidi arudie. Mwanaidi alinong'ona kwamba kwa mwendo huu kabichi zitafika sokoni zimekuwa mchicha mkavu. Na pale kwenye chemchemi Sefu mwenyewe aliinama kutoka juu ya magunia akasema, "Mzee, imetosha sasa. Wamesikia." Sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyedhulumiwa.

"Hawajasikia wote," alisema mzee.

Kituo cha mwisho kabla ya kona kubwa alikuwa mama Jenifer na matenga yake ya karoti. Mzee alishuka, akamwambia kama alivyowaambia wengine. Lakini mama Jenifer si mwanamke wa kuitikia tu na kushukuru. Walikuwa wamesoma darasa moja, yeye na Nathanaeli, alimjua tangu hana meno, na alisimama mbele yake na tenga kichwani akamuuliza imekuwaje, mtu wa neno kama yeye, uzeeni huku, mpaka akaamua kujivunjia jina lake kwa ajili ya chuma.

Injini ilikuwa inanguruma taratibu, laini kiasi kwamba Rogathe alisikia kila kitu kupitia dirishani.

"Niliahidi kitu kisicho changu," alisema baba yake. "Gari ni la Rogathe. Nilipaswa kumuuliza yeye."

Mama Jenifer alitazama dirishani, akamtazama Rogathe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona pale. Kisha alitua tenga na kumwambia, si mzee bali yeye, kwamba na yale mengine mawili yapo nyuma ya mgomba, kama nafasi inatosha. Rogathe aliitikia kwa kichwa. Nyuma Sefu alikuwa ameshasimama kupokea matenga.

Nafasi ilitosha. Mzee alirudi akaketi, akafunga mlango, akatazama barabara. Machozi yalikuwa yamemjaa Rogathe na kona kubwa ilikuwa mbele yake, yenye tope upande wa bondeni. Alijifuta kwa mkono wa sweta, akaingiza gia, akashuka nayo polepole.